Risala ya Wakazi na Wafanyabiashara wa Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Karibu sana, jisikie nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtaa huu zamani uliitwa New Street. Hapa ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo unabeba jina la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Jirani yetu ni viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo Waingereza waliviacha wazi ili Uhindini usigusane na Kariakoo, na wananchi wakavigeuza mahali pa kukutana. Lakini linalotupa fahari zaidi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wanadhani kilianzia Mlimani. Kilianzia hapa, kwenye jengo la TANU, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mlimani kilihamia mwaka 1964.

Kikundi chetu kimeleta mapinduzi makubwa ya usafi. Tumenunua toroli mbili na mapipa matatu ya taka, tumepanda miarobaini, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia wenyewe. Vijana wetu pia wameanza kuwatembeza wageni na kuwasimulia historia hii.

Pamoja na mafanikio hayo, Mheshimiwa, tuna mtaro.

Mifuniko yake ya chuma iliibwa usiku, mmoja baada ya mwingine, ikaenda kuuzwa chuma chakavu. Tunapovukia tumeweka ubao wa kitanda cha zamani, na sasa umeoza katikati. Mama lishe wetu anaupita kila siku saa kumi na moja alfajiri, sufuria la maharage kichwani, akihesabu hatua kwa sauti: moja, mbili, tatu. Anahesabu kwa sababu taa hakuna. Wakati wa masika mtaro unajaa hadi usawa wa barabara, na mpita njia hajui lami inaishia wapi. Masika iliyopita mama yetu mmoja mtu mzima alikanyaga maji akidhani ni barabara. Alivunjika nyonga. Leo alitamani kuwapo hapa, lakini hawezi kutembea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima, ombi hili si geni. Tulilisoma mwaka juzi mbele ya mgeni rasmi wa siku ile, akatuahidi utekelezaji ndani ya miezi mitatu, tukampigia makofi na vigelegele. Tukalisoma tena mwaka jana. Safari hiyo fundi alikuja kweli, na futi kamba yake, akapima kutoka mwanzo hadi mwisho, akaweka alama za chokaa. Tulifurahi mno, hata watoto tuliwakataza kuzikanyaga alama zile. Mvua imezifuta. Fundi hatujamwona tena, na kila ofisi tuliyokwenda kuuliza tuliambiwa faili lipo ofisi nyingine.

Tunaomba mtaro uzibuliwe na ufunikwe kabla ya mvua za Machi. Tunaomba mifuniko ya zege yenye nondo, kwa kuwa zege haina soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mchanga tutanunua sisi, na vijana wa kubeba na kuchimba wapo, wengine wamekaa mbele yako hapa. Hatuombi kujengewa kila kitu. Tukifanikiwa, tungependa pia kibao kidogo kinachoeleza kwamba chuo kikuu kilianzia mtaa huu, ila kibao kinaweza kusubiri. Mtaro hauwezi.

Mheshimiwa, kabla hujaondoka tunakuomba utembee nasi hatua chache ukauone ubao ule kwa macho yako. Kisha, kwa unyenyekevu mkubwa, utuachie tarehe, na jina la mtu mmoja wa kumfuata ofisini.

Tunakukabidhi risala hii pamoja na nakala za zile mbili zilizotangulia.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi