Bonde la mto si njia ya walioshindwa mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala ya ukurasa wenu wa safari iliyosifu upandaji wa milima na ambayo, katika aya moja ya kupitia tu, iliyataja matembezi ya kando ya mito kuwa mazoezi ya wazee, ya watoto na ya wale ambao magoti yao yamechoka. Sina ugomvi na mlima. Nimeupenda tangu ujana, na ninamheshimu kila anayefika kileleni. Hata hivyo kauli ile imeniuma, kwa sababu inampima mtembezi kwa kimo peke yake, na kwa kipimo hicho bonde pana lenye mto unaokwenda taratibu na miji yake ya kale litaonekana dogo siku zote, ilhali sijaona nchi inayomfunulia mambo mengi zaidi mtu anayekwenda kwa miguu.

Wapanda milima wengi wanaijua kanuni aliyoiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Wao huitumia kujua mlima utawachukua muda gani. Mimi huitumia kujua bonde litaniachia muda gani. Pale ambapo mto unashuka kidogo kidogo, sehemu ya pili ya kanuni hiyo karibu inafutika, na mwendo wa kilomita 20 unakuwa wa saa nne. Saa zinazobaki kabla ya jua kuzama ni za mji: kusimama darajani, kuuzunguka ukuta, kuingia katika nyumba ya ibada, kukaa katika uwanja wa soko bila haraka. Mlimani saa hizo hazipo, na si kosa la mlima. Siku yote huliwa na kupanda na kuwahi kushuka.

Tena miji hiyo haikuota tu mahali ilipo. Katika maandishi ya sheria ya Uingereza ya karne ya 13 yanayohusishwa na jaji Henry de Bracton, inaelezwa kwamba soko jipya litahesabiwa kuwa linaliumiza soko la jirani likiwa karibu nalo kwa chini ya maili sita na theluthi mbili, ambazo ni kama kilomita 11. Hoja yake ni ya mtu anayejua kutembea. Mwendo wa siku nzima ni maili 20, na siku ya soko hugawanywa mara tatu: theluthi ya kwanza ya kwenda, ya pili ya kuuza na kununua, ya tatu ya kurudi nyumbani kabla ya giza. Anayepita nchi za namna hiyo kwa gari huuona mji mmoja na muda mfupi baadaye mwingine, akajiuliza kwa nini imerundikana. Anayetembea hana haja ya kuuliza. Anapoanza kusikia njaa na nyayo zinapoanza kudai mapumziko, mnara wa mji unaofuata unachomoza nyuma ya miti, kwa kuwa waliouweka pale walichoka mahali palepale alipochoka yeye.

Hata majina ya miji husema jambo hilohilo. Oxford ni kivuko cha maksai, na Frankfurt ni kivuko cha Wafaranki, kabila la kale la Wajerumani. Yote mawili yanakumbusha mahali ambapo mto ulikuwa na kina kifupi kiasi cha watu na mifugo kuvuka kwa miguu, njia zikakutana hapo, na mahali njia zilipokutana pakazaliwa soko. Kwa dereva neno kivuko halina maana tena, kwa sababu daraja humvusha bila yeye kulitazama. Lakini mtu aliyetembea asubuhi nzima upande mmoja wa mto, akitafuta pa kuvukia na asipate, akifika darajani hatimaye anaelewa mwili mzima kwa nini mji uko hapo na hauko kwingine.

Mfano ninaoupenda zaidi katika jambo hili ni njia ya miguu ya mto Thames, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1996 na yenye urefu wa karibu kilomita 300 kutoka chanzo cha mto, karibu na kijiji cha Kemble, hadi London. Sehemu kubwa ya njia hiyo hufuata ukingo uliotumiwa zamani na farasi waliokokota matishali kwa kamba. Farasi hao hawakukaa upande mmoja. Mahali pengine ukingo uliwahamisha ng'ambo ya pili, nao wakavushwa kwa pantoni ili waendelee na kazi. Pantoni zilipoacha kufanya kazi, njia ilibaki imekatika vipande vipande, na mtembezi akalazimika kuuacha mto na kuzunguka mbali. Mwaka 1989, karibu na kijiji cha Hurley, lilijengwa daraja la miguu la Temple mahali palipokuwa na pantoni, na kipande kimoja kikaungwa. Natamani wapangaji wa barabara popote walipo walijue tukio hili, kwa maana linaonyesha kwamba njia ya miguu haifi kwa kufungwa lango tu. Hufa pia kwa kukosa hatua chache za kuvukia.

Jambo lingine ambalo bonde humfundisha mtembezi ni umbo la mto wenyewe. Maji yanapozunguka kona hukimbia zaidi upande wa nje, yakaula ukingo na kuufanya mwinuko wa ghafla, na upande wa ndani hupunguza mwendo na kutua mchanga. Kona zikizidi kujipinda, mto unaweza kulizunguka tuta la ardhi karibu pande zote na kuacha shingo nyembamba ya kuingilia. Waliokuwa wakitafuta mahali pa usalama walizitambua shingo hizo mapema. Mjini Durham, Uingereza, mto Wear unalizunguka jabali lenye ngome na kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1093. Mjini Cahors, Ufaransa, mto Lot unaukumbatia mji wa kale pande tatu, na upande wa magharibi limesimama daraja la Valentré lenye minara mitatu, lililoanza kujengwa mwaka 1308. Maji yalifanya kazi ya ukuta, na wakazi wakabaki na upande mmoja tu wa kuulinda. Ramani inaweza kumwonyesha mtu hayo, lakini kuuzunguka mto wenyewe kwa miguu, ukiuona mnara uleule mara kushoto, mara mbele, mara kulia, ni elimu ya aina nyingine kabisa.

Naomba nieleze yaliyonipata mwenyewe, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike. Mara ya kwanza nilipofika katika bonde la mto Tauber, kusini mwa Ujerumani, nilikwenda na kundi lililoongozwa na wakala mmoja wa safari ambaye sitamtaja. Kiongozi wetu alikuwa mtu hodari aliyezoea milima, naye alitukimbiza kama tunaowahi kilele kabla ya mawingu. Tulipita katika miji kadhaa bila kusimama, tukajivunia kilomita, na jioni sikuweza kukumbuka hata lango moja. Nilihuzunika, kwa sababu nilijua nimepita mbele ya vitu nilivyotamani kuviona miaka mingi na sikuviona.

Mwaka uliofuata nilirudi na rafiki mmoja tu, tukaanza tena Rothenburg, mji uliokaa juu ya ukingo mrefu ukilitazama bonde. Tulitembea kwanza juu ya ukuta wake wa kale, chini ya paa la mbao. Sehemu ya mashariki ya mji huo iliharibiwa kwa mabomu tarehe 31 Machi 1945, na ukuta ulipojengwa upya, majina ya waliochangia gharama kutoka nchi mbalimbali yaliandikwa kwenye mawe. Tulisoma majina hayo kwa zaidi ya saa moja. Kisha tukashuka bondeni hadi kwenye daraja la ngazi mbili za matao, lililojengwa katika karne ya 14, tukafuata mkondo tukipita vinu vya zamani vilivyoendeshwa kwa maji, mpaka Detwang, kijiji kidogo ambacho ni cha kale kuliko mji wenyewe wa juu. Katika kanisa la pale mna mchongo wa altare wa mchongaji Mjerumani Tilman Riemenschneider, na ukiendelea kufuata bonde hadi Creglingen utaukuta mwingine wa fundi huyohuyo, wa miaka ya mwanzo ya karne ya 16, katika kanisa lililojitenga na mji. Ni mbao tupu zisizopakwa rangi, na mwanga wa dirishani ndio unaozipa nyuso uhai. Kati ya mchongo wa kwanza na wa pili tulikuwa na mchana mzima wa majani, maji na ukimya, na nina hakika tuliuona ule wa pili vizuri zaidi kwa sababu ya mchana huo. Anayeruka kutoka mmoja hadi mwingine kwa gari huilinganisha michongo tu. Sisi tulilijua bonde lililoiweka pamoja.

Nilijifunza pia kwa nini miji kama hiyo imebaki ilivyo. Rothenburg ilitekwa mwaka 1631, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, na baada ya hapo utajiri wake ulififia. Waliokuja baadaye hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga kwa mtindo mpya. Huko Japani, mji wa Tsumago katika bonde la Kiso una habari inayofanana. Ulikuwa mmojawapo wa vituo 69 vya Nakasendo, barabara ya kale iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto, lakini reli ilipojengwa katika bonde hilo mwanzoni mwa karne ya 20 haikupita pale, na mji ukafifia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi walianza kuzitengeneza nyumba zao za mbao, na mwaka 1971 wakawekeana mapatano ya kutouza, kutokodisha na kutobomoa. Leo mtu anaweza kutembea kilomita 8 hivi kutoka Magome kuingia Tsumago kwa njia ya zamani, akavipita vijiji na maporomoko, na barabara kuu ya mji hufungwa magari wakati wa mchana. Ninayasema haya kwa kuwa makala yenu ilidai miji ya mabondeni ni ya watalii wa mabasi. Waliohifadhi Tsumago walilinda mji ambao watu waliujia kwa miguu, na bado inafaa uingiwe hivyo.

Isidhaniwe kwamba ninamwita kila mtu bondeni bila tahadhari. Mto mtulivu una hatari yake, nayo huja kimyakimya: maji hupanda huku mbingu ikiwa safi juu ya kichwa chako, kwa sababu mvua imenyesha mbali, karibu na chanzo. Mjini Passau, Ujerumani, mahali mito Danube, Inn na Ilz inapokutana, vimo vya mafuriko vimechorwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mji, na alama ya mwaka 2013 ni ya juu kuliko zote tangu mafuriko ya mwaka 1501. Kila ninapoingia katika mji wa kando ya mto huzitafuta kwanza alama za namna hiyo, kisha nauliza kama njia ya ukingoni imekauka.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Ukurasa wenu wa safari unapoeleza mlima, msomaji hupewa kimo, joto la usiku na idadi ya siku. Mtakapoeleza bonde, mpeni naye vipimo vyake: umbali kutoka mji hadi mji, upande wa mto ambao njia inapita, daraja lililo karibu kama njia imekatika, miezi ambayo uwanda hujaa maji, na saa za kufunguliwa kwa majengo ambayo mtu ametembea siku nzima ili ayaone. Wapeni pia waandishi wenu siku tatu badala ya moja, kwa sababu hakuna anayeweza kuandika habari za mwendo wa pole akiwa amekwenda mbio. Nipo tayari kuandika ya kwanza mwenyewe bila malipo, nikianza na Rothenburg na kufuata mto hadi Wertheim, mahali Tauber inapoingia katika mto Main.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.