Barua kwa mwanangu wa Anoka: washeni taa ya barazani

Mwanangu,

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza, nimeirudia, nikacheka kidogo halafu nikaona hapana, hili si jambo la kujibu kwa emoji. Umeuliza kama tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, watoto wanapojipamba na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, mzime taa mjifungie ndani vile mumeo anataka, ama mfungue mlango vile mtaa mzima unafanya. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu utanikatiza, na pia najua mkwe wangu ataisoma akiwa nyuma ya bega lako, karibu baba, sogea tu, hii barua ni yako pia na mimi na wewe hatuna ugomvi.

Jibu langu ni washeni taa. Sasa ngoja nieleze, na nitazunguka kidogo, unanijua.

Kwanza jamani, kati ya miji yote ya jimbo hili la Minnesota, Marekani, mtu anayeogopa Halloween ameenda kununua nyumba Anoka! Hamkuuliza? Hamkuona yale mabango? Wazee wa huko watawahadithia mpaka mchoke, lakini acha niwawahi. Zamani vijana wa Anoka usiku wa Halloween walikuwa na fujo za kweli, wanapindua vyoo vya nje, wanapaka sabuni madirisha ya maduka, na asubuhi moja watu wakaamka wakakuta ng'ombe wanazurura Main Street, barabara kuu ya mji. Sasa wakubwa wa mji wangeweza kuita polisi wakamate watoto wa watu, lakini wakakaa wakafikiria, mwaka wa 1920 wakaandaa maandamano, wakawasha moto mkubwa, wakawagawia watoto bisi na njugu na peremende bure, yaani walimpa kila mtoto kitu cha kufanya na mtu mzima wa kumwangalia. Kufika 1937 walikuwa wanajivunia hiyo kitu mpaka kijana wa miaka 12, muuza magazeti, akasafiri hadi Washington na barua rasmi inayosema Anoka ndio mji mkuu wa Halloween duniani, na jina likashika mpaka leo. Miaka miwili tu, 1942 na 1943, ndio waliacha kwa sababu ya vita. Kwa hivyo mkizima taa hapo mtakuwa nyumba ya giza katikati ya mji uliojipa hilo jina, watu watadhani mmepatwa na msiba.

Najua pia yale yanayozunguka kwenye wasap ya kanisa kila Oktoba, ile video ya mtu anayelia akisema mtoto akivaa kinyago amefungua mlango wa giza. Mimi imenifikia mara nyingi na kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana. Sitamdanganya mkwe wangu niseme hakuna kitu cha kale hapo, kipo. Watu wa Ireland kabla ya Ukristo walikuwa na sherehe yao ya Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, na waliamini usiku huo wafu wako karibu. Kanisa likaja likaiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na tarehe 31 ikawa mkesha wake. Wale Waairishi ndio waliokuwa wanachonga taa kwa tanipu, mzizi mnene kama figili, na walipohamia Marekani karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini zaidi, nani angerudi kwa tanipu? Sasa mimi Mkatoliki, tarehe 1 naenda misa, tarehe 2 nawaombea marehemu wetu kwa majina, na hiyo ya tarehe 31 sijawahi kuiona ikinipunguzia imani. Mkwe wangu kanisa lake halina hizo siku, sawa, simlazimishi aamini nilivyoamini. Lakini anachokiogopa akitazame vizuri usoni kabla hajakikimbia.

Halafu umesema kanisa lenu wamepanga ile ya kufungua buti za magari kwenye paking, kila mtu anapamba buti lake, watoto wanapita gari kwa gari wanapewa peremende, wanarudi nyumbani mapema na hakuna vinyago vya kutisha. Ni nzuri, wapelekeni. Ila mimi naona ina kasoro moja kubwa na nitaisema hata kama pasta atasikia: pale paking mjukuu wangu atapewa peremende na watu ambao tayari wanamjua na anawaona kila Jumapili. Yule mama wa nyumba ya tatu kutoka kwenu ambaye hamjui hata jina lake, atabaki hamjui jina lake. Na hiyo ndio shida ya hii nchi mwanangu, si mashetani. Hapa mtu anafungua gereji kwa rimoti akiwa ndani ya gari, anaingia, gereji inafunga, umeishi naye miaka hujamuona miguu. Kubisha mlango wa mtu bila kupiga simu kwanza ni kosa, siku zote, isipokuwa jioni hiyo moja.

Mimi hili la watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba sikujifunzia Marekani. Nyanyako alitulea Majengo, Mombasa, Wataita katikati ya Waislamu, Wakatoliki peke yetu kwenye ule uchochoro. Idi ikifika watoto wote wamevaa mpya, wanapita nyumba hadi nyumba kutafuta mkono wa Idi, na nyanyako, huyo huyo ambaye misa ya alfajiri hakuwa akiikosa, anatuogesha, anatupaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, anatuambia nendeni mkasalimie watu, na mseme asante. Tulirudi na sarafu na visheti vimefungwa kwenye karatasi na mikono inanata shira ya kaimati. Hakuna aliyetuuliza kama tumefunga. Na Krismasi wale watoto walikuja kwetu kula pilau, hakuna aliyewauliza chochote. Kwa hivyo mara ya kwanza nilipoona watoto wa Kizungu wamesimama mlangoni na foronya za mito wanasema trik o trit, yaani tupe peremende ama tukufanyie utundu, sikuhitaji mtu anieleze.

Sasa taratibu zenyewe, maana hii ndio sehemu yenye kazi. Taa ya barazani ikiwaka maana yake karibuni, ikizimwa maana yake hatupokei, na watoto wanaiheshimu, hakuna atakayewagongea. Jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, wadogo kabisa wanaanza kabla hata ya giza na wakubwa wanamalizia kama saa mbili na nusu, peremende zikiisha mnazima, mmemaliza, hakuna anayewadai. Nunueni zile chokoleti ndogondogo za pakiti kubwa, msinunue mapema kwa sababu namjua mumeo na chokoleti. Wekeni pia bakuli dogo la stika na penseli kwa watoto wenye aleji ya njugu, na ukiona boga limepakwa rangi ya buluu ya kijani mlangoni kwa mtu, hiyo ndio maana yake, nyumba hiyo ina vitu visivyo vya kula. Usimuulize mtoto mbona hujasema asante, wengine hawazungumzi kabisa, wape tu.

Na wakubwa msiwafukuze. Mwaka jana kwangu alikuja kijana mrefu kunipita, hana kostyumu, jaketi tu, foronya amekunja mkononi, kasimama nyuma ya wadogo anaangalia viatu vyake. Nikamuuliza, na wewe leo ni nani? Akasema, mimi ndio dereva wa hawa. Nikacheka nikampa mbili. Majira ya joto yaliyofuata ndiye aliyekuwa ananikatia nyasi, na nikimwita kwa jina anaitika.

Ile hofu ya peremende zenye sumu najua utaileta pia. Kagua, ndio, kilichofunguka tupa. Lakini ile kesi ambayo kila mtu anaitaja, ya Texas mwaka wa 1974, mtoto aliyekufa kwa peremende yenye sumu, aliyeitia sumu alikuwa babake mzazi, alikuwa anataka pesa za bima. Si jirani. Cha kuogopa usiku huo ni magari, basi, watoto wanavuka barabara ovyo kwenye giza wakiwa wamevaa nyeusi. Mbandike mjukuu wangu ule mkanda unaong'aa mgongoni na kwenye mfuko, na kinyago usimvalishe, hataona anapokanyaga, mpake rangi usoni inatosha.

Kostyumu nunua saizi mbili mbele, hii ni Minnesota, itavaliwa juu ya jaketi la baridi. Yule mzee wa ng'ambo ya barabara kwangu unamkumbuka? Kila Halloween anakuja na kikombe chake cha kahawa barazani kwangu kunihadithia ile theluji ya 1991, ilianza Halloween yenyewe watoto wakiwa nje, ikanyesha siku tatu nne, Minneapolis wakapata inchi 28 na ushee, yaani sentimita 72, mtu mzima inamfika juu ya goti. Kwenye hadithi yake imeshafika kifuani, na mwaka huu nategemea itafika paani. Anasema walitembea hivyo hivyo, malaika na mabuti, mbawa zimejaa theluji. Mimi namsikiliza mpaka mwisho kila mara. Ni huyo huyo, ile Januari gari langu lilipokataa kuwaka, nyuzi 25 chini ya sifuri, mimi nimechelewa shifti ya usiku, alikuja na pijama ndani ya koti akaleta waya zake akaniunganishia betri ya gari lake, hata sikumwita, aliona tu taa za ndani ya gari zinafifia. Sasa niambie nani kwenye wasap ya kanisa angefika pale kwa dakika tano, na wananipenda, ila wako mbali, mji wa Shakopee.

Halloween si peke yake, ndio mwisho wa msimu mzima, na mkiingojea siku yenyewe tu mtakosa utamu. Nendeni shambani mkachume matofaa mapema, ulizia yale ya Honeycrisp, ni chuo kikuu cha hapa Minnesota ndicho kilichoyatoa, mwaka huo huo wa 1991, na ukiyauma maji yanakumwagikia kidevuni. Halafu kule St. Paul tafuteni booya. Ni supu nzito ya nyama za aina nyingi na mboga, inapikwa usiku kucha kwenye masufuria makubwa ajabu, inakorogwa kwa mwiko mrefu wa kushika mikono miwili, na kwa kawaida ni kanisa ama watu wa zimamoto ndio wanaandaa. Watu wanakuja na vyombo vyao wabebe nyumbani. Nilipoenda mara ya kwanza nilimkuta babu mmoja mpishi macho mekundu kwa kukesha na moshi, akaninusisha kijiko akaniuliza chumvi inatosha? Hakunijua hata kidogo. Nendeni na mumeo, hapo hakuna kinyago wala mzimu, ni nyama tu.

Majani yakianguka, toeni reki mfagie pamoja, mtoto arukie lundo kwanza ndio muingize kwenye mifuko ya karatasi. Ya jirani yakipeperukia kwenu fagieni tu, msimwambie kitu.

Na boga. Hapa mama yako nakuwa mkali. Kila Novemba naona mitaa mizima maboga mazima yametupwa, kindi wanayatafuna, na moyo unaniuma kwa sababu mimi nimekula boga la nazi kama futari kwa jirani zetu Majengo, na majani yake tumeyala na sima. Mnunue mawili. Lile kubwa la kuchonga lina maji na nyuzi nyingi, halina ladha, hilo lifanyeni taa, lakini mbegu zake mkizitoa zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi. Lile dogo la pai ndilo la kupika. Likate vipande na ganda lake, weka maji kidogo sana, iliki, sukari vijiko viwili, likianza kulainika mimina tui zito na usikoroge sana litavurugika. La kuchonga likishakaa nje na mshumaa ndani usithubutu kulipika, hilo sasa waachie kindi.

Nitakuja Ijumaa na nazi, zile za kopo naleta za akiba tu. Msichonge kabla sijafika, mjukuu nataka atie mkono mwenyewe atoe nyuzi, na taulo za akiba ziwepo maana tutachafuka wote. Mkwe wangu, wewe hutavaa kitu wala kusema kitu, kaa na kiti chako karibu na mlango ushike bakuli, wakija wape. Kuomba tutaomba pamoja saa tatu tukishazima taa. Na balbu ya barazani nimeona kwenye video imeungua, badilisheni.

Mamako