Kabati la droo lifungwe ukutani kabla ya kuwekwa nguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niwafikishie wasomaji wenzangu, na hasa wazazi na walezi wa watoto wadogo, jambo lililotupata nyumbani kwetu Tabata mwezi uliopita. Naamini linaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye kabati la droo la aina hii inayouzwa siku hizi, ambayo mbao zake huja zimelazwa ndani ya boksi na mnunuzi akaachiwa kazi ya kuziunganisha mwenyewe.

Tulinunua kabati la droo sita, lenye urefu wa mita moja na robo, kwa ajili ya nguo za mjukuu wangu aliyekuwa ametimiza miaka mitatu. Boksi lililetwa na kirikuu, na Jumamosi mimi na mwanangu tukatandika mkeka sebuleni, tukapanga mbao kwa herufi zake, tukahesabu skrubu, vijiti vya mbao na vile vidude vya chuma vya mviringo, vyenye ukubwa wa kifungo cha koti, ambavyo ukivizungusha nusu duara kwa bisibisi hukamata kichwa cha skrubu ya ubao wa pili na kuzivuta mbao mbili mpaka zikabana. Kazi ilituchukua tangu asubuhi mpaka karibu na magharibi, na ilitufurahisha sote wawili. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa michoro mitupu bila neno hata moja la Kiswahili, lakini michoro ya hatua za kuunganisha ilieleweka. Ukurasa wa mwisho ulionyesha mkanda unaotoka mgongoni mwa kabati kwenda ukutani, na kando yake mtu aliyeangukiwa na kabati pamoja na alama ya mshangao. Katika kifuko cha mwisho tulikuta mkanda wa plastiki na skrubu mbili fupi. Tuliuweka juu ya jokofu tukidhani ni kitu cha ziada, kwa sababu kabati lilikuwa limesimama wima na nilipolisukuma kwa kiganja halikutikisika.

Siku ya tisa, alasiri, nikiwa jikoni, nilisikia kishindo. Mtoto alikuwa amevuta droo tatu, akakanyaga ile ya chini kama mtu anayepanda ngazi ili aifikie ya juu tulikokuwa tumeweka kofia yake. Kabati lilimfuata. Lilizuiwa na ukingo wa kitanda kilichokuwa hatua moja mbele yake, na nilipoingia chumbani nilikuta droo zimemwagika sakafuni na mtoto amejikunyata katika ule upenyo uliobaki kati ya kabati na sakafu, akilia huku ameshika bega. Alipata mchubuko, na daktari alituambia mfupa haukuguswa. Wiki moja kabla, kitanda hicho kilikuwa upande wa pili wa chumba. Tangu siku ile sijaweza kuliwaza jambo hilo bila mwili kunisisimka, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ningependa ieleweke kwamba hatukukosea katika kuunganisha. Fundi seremala tuliyemwita kulikagua alisema viungo vyote vilikuwa vimebana sawasawa. Kabati linaanguka kwa sababu ya uzito tu. Droo zote zikiwa zimefungwa, uzito hukaa juu ya miguu yote minne, lakini ukivuta droo moja, sehemu ya uzito huo hutoka mbele ya miguu ya mbele, na ukivuta tatu zilizojaa nguo, kisha mtoto wa kilo 14 akaning'inia kwenye ncha yake, miguu ya mbele hugeuka kuwa kama bawaba na kabati lote huzunguka juu yake. Makabati ya boksi mengi yana udhaifu mwingine pia. Mgongo wake ni kipande chembamba cha hadibodi cha milimita tatu hivi, ilhali nyuso za droo ni chipbodi ya milimita 16 au 18, kwa hiyo uzito unaelekea mbele hata kabla nguo hazijaingia. Kabati la mninga tulilorithi kwa baba mkwe, lililotengenezwa na mafundi wa Keko, lina mgongo wa mbao na kina cha sentimita 60. Hili jipya lina kina cha sentimita 40 tu, na ndiyo maana linatosha katika vyumba vyetu vidogo. Silisemi kwa kulibeza. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mninga, na kabati jepesi linaloingia katika boksi limewasaidia wapangaji wanaohamahama. Kinachokosekana ni ule mkanda kufika ukutani.

Wenzetu wa Marekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2015 kampuni ya IKEA, ambayo imekuwa ikiuza samani za kuunganisha nyumbani tangu miaka ya 1950, ilianza kugawa bure vifaa vya kufungia makabati ukutani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa na makabati yake ya droo. Kugawa vifaa peke yake hakukutosha, kwa sababu mtoto mwingine alikufa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na Juni 2016 kampuni hiyo, pamoja na mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, ilitangaza kurudisha makabati milioni 29 yaliyokwisha kuuzwa nchini humo. Mnunuzi alipewa hiari ya kurudishiwa fedha au kupewa vifaa vya kufungia bila malipo, na aliyetaka aliletewa fundi nyumbani. Desemba 2022 sheria ikapitishwa, na makabati ya nguo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2023 kwa ajili ya soko la nchi hiyo hayana budi kupimwa kama yatasimama droo zikiwa wazi na zimejazwa mzigo, yakiwa juu ya zulia, na mtoto wa hadi kilo 27 akiyapanda. Baadhi ya watengenezaji sasa huweka kifungio cha ndani kinachozuia droo ya pili isitoke wakati ya kwanza iko wazi. Sijaona kabati la namna hiyo katika maduka niliyopita hapa Dar es Salaam, na hilo linanitia hofu kwamba tunaweza kuwa tunauziwa yale ambayo kwingine hayaruhusiwi tena.

Kufunga kabati ukutani hapa kwetu kunahitaji maelezo ambayo kijitabu hakina. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, na skrubu fupi zilizomo kwenye boksi ni za kushika upande wa kabati tu; za upande wa ukuta mnunuzi anatakiwa kuzitafuta mwenyewe kulingana na ukuta wake. Sisi tulitumia drili yenye kugonga, tukatoboa matundu mawili ya milimita nane yanayopita lipu na kuingia ndani kabisa ya tofali, tukatanguliza vile vipande vya plastiki vinavyotanuka, kisha skrubu za milimita 60. Anayeishia kwenye lipu hajafunga kitu, kwa kuwa lipu hubomoka mara moja ikivutwa. Msumari uliogongwa kwa nyundo nao hautoshi, ingawa niliwaona mafundi wawili wakitaka kuutumia. Mwenye ukuta wa jipsamu atafute kwanza nguzo ya ndani. Na upande wa kabati, mkanda ushikwe kwenye ubao mnene wa juu au wa ubavuni, usishikwe kwenye hadibodi ya mgongo, ambayo inachanika kama katoni.

Wapangaji wananiambia kwamba wenye nyumba hawapendi ukuta kutobolewa. Nawaomba wenye nyumba wawe na huruma katika hili, maana matundu mawili huzibwa kwa mchanganyiko wa lipu unaotosha kwenye kijiko.

Kuna jambo dogo la maji ambalo sitaki kuliruka. Sisi wa pwani tunadeki sakafu kila asubuhi, na chipbodi ikifyonza maji kwenye ncha ambayo haikuzibwa huvimba na kulegea. Mguu wa mbele uliovimba vibaya huliinamisha kabati, na skrubu iliyokuwa imeshika vizuri hubaki ikicheza. Kabati letu tumeliwekea vipande vya mpira chini ya kila mguu, na mwanangu hulipima kwa pimamaji kila mwezi.

Kwa wauzaji, ombi langu ni mahususi. Duka linalotoa huduma ya fundi wa kuunganisha nyumbani limwagize fundi huyo asihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka kabati limefungwa ukutani, na awe na drili katika mkoba wake. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye sentensi tano, iwekwe ndani ya kila boksi ikieleza mkanda ule ni wa nini, droo gani zijazwe vitu vizito, na kwa nini televisheni isiwekwe juu ya kabati la nguo. Kwa Shirika la Viwango Tanzania, naomba kipimo cha kusimama imara droo zikiwa wazi kitazamwe katika makabati yanayoingizwa nchini, kwa maana mnunuzi aliyesimama dukani hawezi kukipima mwenyewe mbele ya boksi lililofungwa.

Dada mmoja wa jirani alikuja kuliangalia kabati letu baada ya kusikia habari, akaenda kwake akakuta mkanda wa namna hiyo hiyo ndani ya droo ya chini, ungali katika kifuko chake, miaka miwili tangu anunue. Ana mapacha wa mwaka mmoja na nusu ambao wameanza kupanda viti. Jumapili iliyopita mwanangu alikwenda na drili, na kazi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa.

Bibi wa wajukuu wanne,
Tabata, Dar es Salaam