Kilo bila umbali hazimsaidii mnunuzi wa trekta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo na wanaouza matrekta madogo ya zamani. Tangazo husema mikono ya nyuma, ile inayofungwa na kuinua jembe au mashine nyingine, inainua kilo kadhaa, kisha basi. Kilo hizo zimepimwa wapi? Mnunuzi asipoambiwa hilo, hajaambiwa kitu, na atakuja kulijua siku magurudumu ya mbele yatakapoachana na ardhi.

Mikono hiyo hupimwa mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye ncha za mikono ya chini, pale pini za mashine zinapoingia. Pa pili ni sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, umbali unaotumika katika majaribio ya matrekta ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi. Tarakimu ya kwenye ncha karibu kila mara ndiyo kubwa, na ndiyo wauzaji wanayoipenda. Lakini hakuna mzigo unaokaa kwenye ncha. Jembe, jukwaa la kubebea au sanduku la udongo, vyote uzito wake umelalia nyuma zaidi.

Hata tarakimu ya pili haitoshi, kwa sababu kwa matrekta haya kinachokwisha kwanza mara nyingi ni uzito wa mbele, si nguvu ya haidroliki, yaani oili yenye presha inayoinua mikono. Chukua trekta ya kilo 1,100, yenye sentimita 178 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, vipimo vinavyokaribiana na vya Ferguson TE20 ya Uingereza au Ford 8N ya Marekani. Tuseme ekseli ya mbele inabeba kilo 400, na kitovu cha uzito wa mzigo kiko sentimita 135 nyuma ya ekseli ya nyuma. Trekta hapo ni kama mizani iliyoegemea ekseli ya nyuma: zidisha 400 kwa 178, gawanya kwa 135, unapata mzigo wa kilo 527. Hapo mbele hakuna kitu tena, usukani unazungushwa hewani.

Trekta isiyogusa chini mbele haiendeshwi. Kanuni nzuri ni kubakiza mbele angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, yaani kilo 220 kwa trekta hii. Zinazoruhusiwa kuondoka ni 180 tu. Ukirudia hesabu ileile, mzigo unashuka hadi kilo 237, na humo imo mashine yenyewe. Jukwaa likiwa na kilo 60, unachoweza kupakia ni 177. Hizo ni za tambarare. Kwenye mwinuko au barabara ya mashimo zipunguze tena, maana kila mruko huongeza uzito kwa ghafla.

Ukitaka zaidi, ongeza vyuma mbele. Kilo 100 zilizofungwa sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele hukupa kama kilo 176 za ziada nyuma. Kabla ya kuzifunga, kagua pini ya katikati ya ekseli ya mbele na bushi zake. Zikiwa zimelika, vyuma vitazimaliza. Njia nyingine haina gharama: sogeza mzigo karibu na trekta. Kila sentimita unayoirudisha mbele inahesabika.

Sasa haidroliki. Kwenye TE20 na 8N, pampu ya oili inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kuzungusha mashine za nyuma. Lever ya PTO isipoingizwa, mikono haipandi, na ukikanyaga klachi mikono inasimama pale ilipo. Wengi hununua pampu mpya kwa tatizo hili ambalo si ugonjwa. Jambo lingine: kuongeza mwendo wa injini huongeza kasi ya kupanda, hakuongezi nguvu. Ikiwa mzigo unapanda tu injini inapokimbia na unagoma ikiwa polepole, oili inavuja ndani, na pampu inashindana na uvujaji huo.

Namna ya kupima ni rahisi. Funga jukwaa, weka pipa tupu ulilolipima, ulifunge lisiyumbe, kisha ongeza maji: lita moja ni kilo moja. Inua kila baada ya lita 20, mtu yeyote asisimame nyuma wala kando ya mikono. Fanya hivyo oili ikiwa baridi, kisha urudie baada ya trekta kufanya kazi hadi oili ipate moto. Ikiinua vizuri ikiwa baridi na kushindwa ikiwa na moto, shuku ringi ya pistoni ya kuinulia au vali za pampu. Ikipanda kwa kushtukashtuka, kama mtu anayepanda ngazi, mara nyingi vali moja ya pampu haifungi au oili imepungua. Ikipanda sawasawa lakini ikashuka mara tu injini inapozimwa, mara nyingi pampu haina kosa. Tazama pistoni, silinda na vali ya kuongozea.

Tafadhali msiongeze shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, kwenye vali ya usalama ili trekta ibebe zaidi. Vali hiyo imewekwa ifunguke kabla chuma hakijapasuka. Presha ikipita kiwango, kinachopasuka ni silinda au kifuniko cha juu cha chuma cha kusubu, na hicho hakichomelewi kirahisi kama chuma cha kawaida. Weka geji ya presha, linganisha na kitabu cha trekta yako. Presha ikiwa ndogo, tafuta inakopotelea.

Muuzaji mkweli aandike basi mambo matatu: kilo zinazoinuliwa, umbali wa mzigo kutoka kwenye ncha, na uzito ulioko kwenye ekseli ya mbele. La tatu halihitaji kufungua boliti hata moja: ni kusimamisha magurudumu ya mbele juu ya mizani ya magari na kusoma.

Fundi wa matrekta