Mnasifia albamu zenye vyombo vingi, zile za gitaa moja mnaziacha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na kama inawezekana lisikatwe sana. Kila ikija mada ya albamu bora za zamani za roki, iwe magazetini, redioni au kijiweni, yanatajwa majina yale yale, Pink Floyd, Queen, Led Zeppelin, Fleetwood Mac, Beatles, basi mjadala umefungwa. Mi sio mwanamuziki wala mtangazaji, ni fundi umeme hapa Tanga, msikilizaji wa kawaida tu ambaye mchana kutwa yuko na hedifoni masikioni, ila muziki huu naupenda kwelikweli, na nasema hivi: zile albamu ambazo mtu kajifungia na gitaa lake ndo zimebeba mzigo mzito kuliko hizi zenye vyombo vingi, na hakuna anayezitaja.

Sio kwamba hizo kubwa ni mbaya, hapana. Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ilitoka 1973 ikakaa kwenye chati ya Billboard kule Marekani wiki 741 mpaka 1988, hayo sio mambo ya bahati nasibu. Imerekodiwa vizuri sana, kila saa inayogonga unaisikia imekaa wapi. Lakini ikiisha mi nabaki nimestaajabu tu, sijaguswa, isipokuwa sehemu moja, pale anapoingia Clare Torry na ile sauti isiyo na neno hata moja, anapanda, anavunjika, anatulia, unadhani kamaliza kumbe anavuta pumzi apande tena. Yule dada aliitwa studio akafanya kazi yake akalipwa pauni 30. Pauni 30, Mhariri! Ikabidi baadaye aende kudai haki yake ya utunzi, wakaja kuelewana 2005 na sasa jina lake linaandikwa pale pamoja na la Richard Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd. Sasa niambie, kwenye albamu yenye mitambo yote ile kinachokubaki kichwani si koo la mtu mmoja?

Led Zeppelin hivyo hivyo. Albamu yao ya nne ya 1971 kila mtu anakimbilia Stairway to Heaven, mi naenda moja kwa moja wimbo wa mwisho, When the Levee Breaks. Zile ngoma za John Bonham ziliwekwa chini kwenye ngazi za nyumba kubwa ya zamani inaitwa Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu, ndo maana zinavuma vile mpaka kifua kinatikisika. Tamu sana. Lakini wimbo wenyewe waliurekodi Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, Wamarekani weusi, mwaka 1929, magitaa mawili basi, wakielezea mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Utafuteni huo wa kwanza. Jamaa anaimba taratibu tu, hapigi kelele yoyote, na maji unayaona yanapanda.

Na Queen najua kwetu hawaguswi kwa sababu Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar 1946, na mi mwenyewe najivunia hilo. Ila A Night at the Opera ya 1975 haianzi na kuishia kwenye Bohemian Rhapsody jamani. Humo ndani kuna wimbo unaitwa '39, katunga Brian May, mpiga gitaa wao, na kauimba yeye mwenyewe, gitaa kavu linakwenda kama la folki kabisa, ule muziki wao wa asili, kisa chake watu wanasafiri angani kutafuta pa kuhamia, kwao unapita mwaka mmoja, wakirudi nyumbani huku dunia imeshazeeka na waliowaacha hawapo. Brian May alikuwa anasomea elimu ya nyota kabla ya umaarufu na akaja kuimaliza shahada yake ya udaktari 2007, kwa hiyo hata hesabu ya kile kisa anaijua. Mi nautoa huo mbele ya nyimbo zote za albamu ile. Rumours ya Fleetwood Mac sina maneno mengi, ni nzuri, na Sgt. Pepper's ya Beatles naona inasifiwa kupita kiasi, Rubber Soul ya 1965 inaishinda.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Nebraska ya Bruce Springsteen. Januari 1982 huyu bwana ameshakuwa nyota, pesa ipo, bendi ipo, studio yoyote angeitaka angeipata. Akakaa chumbani kwenye nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, na kimashine cha kaseti cha Tascam cha njia nne, maikrofoni mbili, gitaa na harmonika, akarekodi nyimbo zake kama rasimu tu ili bendi wazisikie halafu waje wazipige vizuri. Kaseti akaitia mfukoni bila hata kasha lake, akawa anazunguka nayo. Bendi wakaingia studio wakazipiga, mafundi wakajitahidi wee, kila wakizinyoosha zinapoteza kitu, mwisho ikaamuliwa ile ile kaseti ya mfukoni ndo itolewe albamu, na ndo tunayoisikia mpaka leo na mvumo wake wote wa kaseti. Zile za bendi zikaja kutoka 2025, kazisikilizeni, zina nguvu na sikatai, lakini ukirudi kwenye kaseti unajua kabisa kwa nini walishindwa.

Wimbo wa kwanza anaimba kwa mdomo wa Charles Starkweather, kijana aliyeua watu kwenye majimbo ya Nebraska na Wyoming kule Marekani 1957 na 1958. Hamwombei msamaha, hamlaani, anasimulia tu kwa sauti ya chini huku harmonika inalia pembeni, na wewe unayesikiliza unabaki na ule uzito peke yako bila mtu wa kukusaidia. Halafu kuna State Trooper, gitaa linagonga kitu kile kile mwanzo mpaka mwisho, dereva yuko barabarani usiku na anaomba polisi asimsimamishe, hatuambiwi kafanya nini, ghafla anapiga yowe. Aliyewahi kuendesha gari peke yake usiku kutoka Segera kuja Tanga mvua inanyesha anajua hofu ile inakaa sehemu gani ya tumbo. Wekeni ngoma na magitaa matatu pale muone kama hofu itabaki.

Ya pili ni Pink Moon ya Nick Drake, Mwingereza, ilitoka 1972. Alirekodi usiku, siku mbili tu, yeye na fundi wake John Wood, hakuna mtu mwingine, na chombo kilichoongezwa juu ya sauti na gitaa ni piano kidogo kwenye wimbo mmoja. Albamu nzima haifiki hata nusu saa. Ukivaa hedifoni nzuri unasikia mpaka vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi anapohama, kile kisauti chembamba ambacho studio nyingi wangekifuta, na kwangu hicho kisauti ndo kinaniambia kuna mtu pale ndani, yuko karibu, anapumua. Ilipotoka haikununuliwa na watu wengi, na Drake akafariki 1974 ana miaka 26 tu. Watu wakaja kumgundua baadaye sana, na wengi ni kwa sababu ya tangazo la gari la Volkswagen lililotumia wimbo wake, miaka zaidi ya 20 baada ya kifo. Hilo linaniuma kila nikiisikiliza. Kijana kafa akijua hakuna anayemsikia.

Halafu Blue ya Joni Mitchell, 1971. Dada wa Kanada, utotoni aliugua polio, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, kwa hiyo akawa anazilegeza na kuzikaza nyuzi za gitaa kwa mipango yake mwenyewe ili vidole visihangaike, na ndo maana gitaa lake halifanani na la mtu yeyote. Wapigaji wanakaa miaka wanatafuta kafanyaje. Kwenye albamu hii anapiga piano, anapiga gitaa, anapiga na dalsima, kile chombo cha nyuzi chache kinacholazwa mapajani, na wageni ni wachache sana. Kuna wimbo unaitwa Little Green, ukiusikiliza juu juu utadhani ni wa kumbembeleza mtoto, na ni kweli ni wa mtoto, binti yake aliyemzaa 1965 hana kitu, hana wa kumsaidia, akamtoa alelewe na watu wengine. Wakati albamu inatoka watu hawakujua. Walikuja kuonana tena mama na mwana 1997. Yaani aliimba mbele ya dunia nzima jambo la siri kuliko yote maishani mwake na dunia ikapiga makofi haijui inapigia nini. Wimbo ule hauhitaji zeze hata moja nyuma yake.

Wasomaji wengi wa pwani watanielewa zaidi nikisema Yusuf Islam, maana kasida zake tunazo majumbani. Kabla hajasilimu 1977 alikuwa anaitwa Cat Stevens, na 1970 alitoa Tea for the Tillerman, alitoka kuugua kifua kikuu akalazwa muda mrefu, akatoka hospitali na nyimbo tofauti kabisa na zile za zamani za shamrashamra. Kwenye Father and Son anaimba yeye mwenyewe baba na yeye mwenyewe mtoto, baba sauti ya chini imetulia, mtoto sauti ya juu imejaa hasira, na hawasikilizani. Mwaka 2020 akairekodi upya albamu nzima, na kwenye wimbo huo akafanya kitu ambacho mi sijawahi kusikia kwa mtu mwingine, sehemu ya mtoto wakaweka sauti yake mwenyewe ya ujana kutoka onyesho la 1970, na sehemu ya baba akaimba yeye wa leo, mzee wa miaka zaidi ya 70. Msikilizeni jamani. Nina baba na nina mtoto wa kiume, siwezi kuumaliza ule wimbo nikiwa na watu.

Bob Dylan nimemweka mwisho kwa sababu kwake ndo ugomvi ulipo. Wapo wanaosema hajui kuimba. Waanze na albamu yake Freewheelin' ya 1963, karibu yote ni gitaa, harmonika na yeye, waache kutafuta utamu wa sauti wasikilize anavyolitupa neno. Blowin' in the Wind mahadhi yake aliyajenga juu ya wimbo wa kale wa watumwa weusi, yeye mwenyewe amekiri, na ndo maana una uzee ndani yake ingawa aliyeuandika alikuwa kijana wa miaka 20. Julai 1965 akapanda jukwaani kwenye tamasha la folki la Newport kule Marekani na gitaa la umeme na bendi nyuma, watu wakamzomea. Sisi wa pwani tunaujua ule ugomvi vizuri, ni ule ule wa vinanda vya umeme vilipoingia kwenye taarab, wazee wanasema mmeua, vijana wanasema tumefufua. Mi simlaumu Dylan, Highway 61 Revisited iliyotoka mwaka huo huo ni kali. Ila nikipewa nichague moja ya kubaki nayo nachukua ya 1963.

Na hapo hapo Newport ndo kuna kitu kinachonifanya niandike barua hii. Mwaka 1969, kwenye tamasha lile lile alilozomewa Dylan, alipanda Mwenda Jean Bosco, Mkongo wa Katanga, anaimba Kiswahili. Wimbo wake Masanga aliurekodi Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, mwaka 1952 huko huko Katanga, gitaa moja kavu, dole gumba linashikilia besi na kidole cha shahada kinacheza sauti ya juu, vidole viwili basi, na ukisikia bila kuambiwa utaapa ni magitaa mawili. Bosco alikaa Nairobi, akawa na kipindi chake redioni, wapigaji wa Kenya wakajifunza kwake. Tunawapongeza Wazungu kwa albamu za gitaa moja, na mi nimefanya hivyo barua nzima na sijutii, lakini huyu alikuwa anafanya hayo karibu miaka 10 kabla ya Dylan kuingia studio, kwa lugha yetu, na kijana wa leo ukimtajia jina lake anakuuliza ni nani.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa burudani upunguze kidogo habari za nani kagombana na nani na muandike kuhusu Bosco. Nairobi wapo wazee waliomsikia redioni enzi zile, na Lubumbashi bado kuna wanaopiga gitaa kwa mtindo wake, mtumeni mwandishi awafuate mapema wangali na kumbukumbu zao, na apige picha ya karibu ya mkono wa kulia ili wanaojifunza waone dole gumba linafanya nini.

Wako msomaji,
Tanga.