Rufaa ya vinasaba isitegemee ukoo pekee

Mhariri,

Wodini, mzazi wa mtoto mwenye saratani huulizwa kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Akijibu hakuna, habari ya rufaa ya vinasaba, yaani kumpeleka mtoto kwa wataalamu wa jeni, huishia hapo. Swali hilo halitoshi, kwani kasoro ya jeni yaweza kuanza na mtoto huyo huyo.

Tuchukue saratani ya jicho, ile ya mboni kung'aa nyeupe kwenye picha ya flashi. Uvimbe ukiwa macho yote mawili, karibu kila mtoto ana kasoro ya jeni ya RB1 mwili mzima. Ukiwa jicho moja, takriban 15 kati ya 100 wanayo, hivyo nao wapewe rufaa. Jicho likitolewa, kipande cha uvimbe kigandishwe kabla ya mengine kutiwa formalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, inayoharibu DNA. Bila hicho, kulinganisha uvimbe na damu ili kujua kama kasoro iko mwili mzima huwa kazi ngumu. Wadogo zake wakaguliwe macho mara moja, mboni zikiwa zimetanuliwa kwa dawa. Kungoja majibu ya maabara kwanza ni kuhatarisha macho yao.

Kuna uvimbe ambao jina lake tu linatosha kuandika rufaa, kama saratani ya gamba la nje la tezi iliyo juu ya figo. Ya figo zenyewe ipelekwe ikiwa pande zote mbili, au mtoto akizaliwa bila ile sehemu ya jicho yenye rangi, au upande mmoja wa mwili ukiwa mkubwa kuliko mwingine. Mvueni nguo mumtazame ngozi: madoa sita au zaidi ya rangi ya kahawa ya maziwa, kila moja likizidi milimita 5, si ya kupuuza. Na anayedhurika kupita kiasi kwa dozi ya kawaida ya matibabu ya saratani asisubiri foleni, maana huenda dozi yenyewe ikabidi ibadilishwe.

Uvimbe wa taya wa Burkitt, uliozoeleka kwenye maeneo yetu ya malaria, peke yake hauhitaji rufaa hii. Kwa saratani ya damu, sampuli ya kupima jeni itoke kwenye ngozi, kwa sababu damu imechanganyika na seli za ugonjwa.

Wazazi waelezwe kabla ya kuchukuliwa sampuli hiyo kwamba majibu yanaweza kuwagusa wao pia. Na wanaokimbilia kumlaumu mama wajue: kasoro mpya ya RB1 mara nyingi huanzia kwenye mbegu za baba.

Wahudumu wa saratani za watoto,
Dar es Salaam