Baba aliomba habari za reli, akapewa kamari

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu 1996, enzi lilipokuwa likifika Tabora siku moja baada ya kutoka, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Wiki iliyopita mlitoa habari ile juu ya sisi tunaozuia matangazo kwenye simu, mkatuweka fungu moja na wezi wanaokula jasho la waandishi. Niliisoma mara mbili. Ya pili nilisimamisha cherehani nikatafuta kalamu.

Baba yangu alifanya kazi reli miaka 31. Presha ya macho ilianza na jicho la kulia, ikahamia la kushoto, na huu ni mwaka wa sita haoni kitu. Kila jioni baada ya isha nakaa naye barazani namsomea gazeti lenu kwenye simu. Kwanza anataka tanzia, maana anatafuta majina ya wenzake wa reli. Tukimaliza tanzia anataka habari za SGR, ile reli mpya ya kisasa. Kile kipande cha kutoka Makutupora kuja huku kwetu anakiulizia kila siku kama mtu anayesubiri mgeni wake stesheni.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, walikuwepo wazee wawili wenzake. Mlikuwa na habari ndefu ya ujenzi wa kipande hicho hicho, nami nikaanza kuwasomea kwa sauti. Nimefika Manyoni, maneno yakaporomoka chini. Nikayatafuta kwa kidole, nikayapata, nikasoma sentensi moja, yakaporomoka tena. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba maandishi yanatangulia kufika, matangazo yanachelewa, na kila tangazo likifika linajipenyeza katikati na kuyasukuma maneno. Wakati ule sikujua hilo, nilijiona mimi ndiye nisiyejua kusoma, na wazee wamekaa kimya wananisubiri. Likatokea tangazo limefunika kioo chote. Alama ya kulifunga ilikuwa pembeni, ndogo kama punje ya ulezi, na vidole vyangu ni vya fundi cherehani, vina sugu. Nikabonyeza. Badala ya kufunga likafunguka, ukapigwa muziki, na sauti ya kijana ikapaza mbele ya wazee watatu, mwezi mtukufu, kwamba niweke mkeka wangu sasa hivi nipate bonasi. Nikahangaika kuizima, haizimiki, mpaka nikaifunika simu kwa kanga. Baba haoni, Mhariri. Yeye alichosikia ni sauti ya kamari ikitoka mkononi mwa binti yake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, umeanza kubeti?" Nilimwapia. Sijui kama aliniamini. Wale wazee waliaga mapema, na habari ya reli hatukuimaliza, kwa sababu nilipofunua simu nilikuta bando la shilingi elfu moja nililonunua magharibi limekwisha.

Mwezi uliofuata alikuja mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta Dodoma. Nilimweleza hadi machozi yakanitoka. Akachukua simu, akaweka kivinjari cha Firefox, kwa sababu Chrome niliyokuwa nayo kwenye simu haipokei programu za nyongeza. Ndani yake akaweka kizuia-matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambacho ni bure. Kisha akanionyesha pale juu kwenye anwani ya ukurasa kialama kidogo kama karatasi ya maandishi, ndicho cha mwonekano wa kusoma. Nikibonyeza pale, ukurasa wote unavuliwa mapambo, inabaki habari tupu na picha yake, herufi nakuza nitakavyo, na nyuma naweka rangi ya kahawia hafifu isiyouma macho. Jioni ile nilimsomea baba kutoka Manyoni, Itigi, Tura, Malongwe, Goweko mpaka Igalula bila kukatika, na kila stesheni aliitikia kwa kuitaja kabla yangu.

Mwandishi wenu alichanganya vitu hivi viwili, kizuia-matangazo na mwonekano wa kusoma, kana kwamba ni kimoja. Mwonekano wa kusoma unafanya kazi baada ya ukurasa kufika. Matangazo yameshashuka, MB zangu zimeshaliwa, nyie mmeshahesabiwa kwamba nimefungua, mimi ninachopata ni utulivu wa macho tu. Kizuia-matangazo ndicho kinachokatalia mlangoni, kwa hiyo ndicho kinachookoa bando. Sasa yule anayetumia mwonekano wa kusoma peke yake amewaibia nini? Na kitu chenyewe si cha kuficha. Mwaka 2009 kampuni ya Arc90 ya New York ilitoa Readability, kitufe cha kusafisha ukurasa ubaki wa kusomeka, na mwaka uliofuata Apple wakaweka kitu cha namna hiyo ndani ya Safari, kivinjari chao, kila mtu akipate. Hata kizuia-matangazo chenyewe kimeshafikishwa mahakamani. Ujerumani, kampuni kubwa ya magazeti ya Axel Springer ilitaka kizuia-matangazo cha Adblock Plus kipigwe marufuku, na mwaka 2018 mahakama ya juu ikawakatalia. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari na kuwashauri watu watumie vizuia-matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu matapeli walikuwa wananunua matangazo na kujifanya kampuni za kweli. Polisi wa nchi wanawaambia watu wao wajikinge, na nyie mnaniita mwizi kwa kujikinga.

Na maadamu nimeshika kalamu, hili la bando nalo linitoke kifuani. Mlipiga kelele vizuri sana Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopandishwa, watu wakalalamika nchi nzima, bei zile zikasitishwa. Lakini mpaka leo nanunua bando la siku, nikipata wateja wengi wa kushonesha sare nashinda sijaligusa, usiku linafutika na hela yangu imekwenda. Kitambaa mteja akiniletea mita tatu na gauni likala mbili na nusu, ile nusu namrudishia, tena nimeikunja. Nani ananirudishia mimi MB zangu? Na zile ninazowahi kutumia zinagawanywa kati ya habari niliyoitaka na video ya kamari nisiyoitaka, inayoanza kucheza yenyewe kabla sijasema nataka. Mimi ndiye ninayelipia usafiri wa tangazo la mtu mwingine kutoka kwake mpaka barazani kwangu. Gazeti la karatasi lilikuwa na matangazo tele, ya magodoro, ya mbegu, ya vyuo, na hakuna hata moja lililoniongezea bei, wala kurukaruka, wala kufunika jina la marehemu wakati baba anasubiri kulisikia. Tanzia zenyewe si matangazo ya kulipiwa? Na hizo ndizo tunazoanza nazo.

Najua waandishi wanakula. Mimi pia nashona watu wanachukua nguo wanasema watalipa mwisho wa mwezi, najua uchungu wa kazi isiyolipwa. Kwa hiyo nawaambia masharti yangu, na nitayatimiza.

Wekeni matangazo mawili tu kwa kila habari, moja juu ya kichwa, jingine chini baada ya nukta ya mwisho. Yawe picha zilizotulia, bila sauti, zisizidi urefu wa vidole viwili. Nafasi yake itengwe tangu mwanzo ili maneno yasisukumwe. Kamari isikae kwenye ukurasa wa tanzia wala wa elimu, wajukuu zangu wanasoma pale. Siku mtakayofanya hivyo nitafungua ile programu na kuruhusu tovuti yenu peke yake, inawezekana, mpwa wangu ameshanionyesha kitufe. Au kama hamtaki, wekeni namba ya kulipia kwa simu, shilingi 200 kwa siku, gazeti zima bila tangazo. Nitalipa kila jioni saa mbili kasorobo, kabla sijakaa na baba.

Mpaka hapo kizuizi changu kitabaki kimewashwa.

Fundi cherehani,
Tabora